Kibao cha Kosa Chenye Jina Lako

Maimuna mamangu,

Mambo ya soksi, ya dawa ya kikohozi na ya kutolala na nywele mbichi ameshayamaliza mama yako, nami sithubutu kuongeza neno kwenye idara yake. Saa hii mmetoka wote wawili kwenda Al Ras kumnunulia nyanya yako zafarani, na nikiwajua mnavyopigania bei, nina muda wa kutosha. Magharibi nimeshaswali. Jirani zetu wa upande wa pili wa pazia wako kazini, chumba kimya, na nimekaa kwenye kitanda chako kwa sababu ndicho kilicho karibu na taa.

Kwenye begi lako la mkononi, chini ya zile kanga za nyanya, nimeweka kitu nilichokifunga kwa gazeti. Usikifungue kwanza. Soma hapa mpaka mwisho, halafu ukifungue. Ukianza na gazeti utaelewa nusu, na ukielewa nusu utanikasirikia nusu, ilhali mimi nastahili nzima.

Siku ile kichwa kipya cha mashine kilipong'oa rafu na kuuchana ubao wa msaji mbele ya mgeni wa Mzee Nassor, mashine yako haikuwa na kosa. Wewe hukuwa na kosa. Niliiharibu mimi, kwa mkono huu unaoandika, na nilijua ninachofanya.

Haya, nimeliandika. Nilidhani likishatoka nitapumua, kumbe bado. Miezi minane nimekaa nalo. Kesho unapanda ndege kwenda Mombasa kusomea usimamizi wa hoteli kwa sababu ya nusu duara ya mkono wangu. Chuo kilikuwa kimekupa nafasi ya uhandisi wa mitambo, ukairudisha mwenyewe kwa barua pepe ukiwa umekaa kitanda hikihiki, na mimi nilikuwa pale dirishani nikijifanya napiga pasi kanzu. Kanzu ile ilipigwa pasi mara tatu.

Wacha nianze nyuma kidogo. Mengine unayajua, lakini nataka uyaone kutoka mahali nilipokuwa nimesimama mimi.

Mzee Nassor aliponunua mashine ile ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Arbab wangu, mwenye karakana, unamjua, mtu wa Unguja aliyeletwa huku mdogo na mpaka leo anaongea kama aliyeondoka mtaa wa Ng'ambo juzi. Haikuwa mashine ya kiwanda. Ilikuwa ya wale watu wanaojifurahisha nyumbani siku za mapumziko, ndogo, inakaa juu ya meza, inachora nakshi ubaoni kwa amri ya kompyuta. Mimi nilikuja Dubai na patasi na bobari zangu zimefungwa kwenye kitambaa cha mamangu, na kwa miaka mingi ndizo zilizonilisha. Mashine ilipoingia, patasi zikaingia droo ya chini, nikakabidhiwa spana mbili. Maana mashine ile ilijua kuchora, haikujua kubadilisha biti, vile vyuma vyake vya kukatia. Kifuniko kimoja cha sanduku la udi kilitaka biti tano, nene ya kuchimba, nyembamba, ya duara, ya ncha, na ile ya kulainisha. Kila moja ikimaliza zamu yake mashine ilisimama ikinisubiri, na mimi nalegeza, natoa, natia, nakaza. Siku nzima hivyo. Nikimtumia binamu yangu picha za kazi nilihakikisha spana hazionekani.

Halafu sharti mashine iambiwe biti mpya inaanzia wapi, kwa kuwa kila biti ina urefu wake. Hapo ndipo ulipoingia wewe na risiti zako za duka. Jumamosi na siku za likizo ulikaa juu ya kile kigoda cha bluu, ukapitisha karatasi chini ya biti, ukiisukuma mbele na nyuma, mimi nikishusha kichwa cha mashine kidogokidogo mpaka karatasi ikwame. "Imeshika, Baba," ulikuwa ukisema. Ukisema imeshika, imeshika kweli. Sikuwahi kukuona ukikisia.

Na kosa lako la kwanza nalikumbuka. Ulinipa biti ya tatu badala ya tano, ua likatoka bila moyo. Nikakufundisha desturi ya karakana ya babu yako kule Lamu. Kwake, mtu akiharibu ubao hakupigwa wala hakutukanwa. Alikata kipande kilichoharibika, akaandika jina lake mgongoni kwa ncha ya patasi, akakitundika msumarini nyuma ya mlango. Kilikaa hapo mpaka siku atakayosema mbele ya wenzake mkono wake ulikosea wapi: patasi ilikuwa butu, nilikwenda kinyume cha nyuzi, nilikuwa natazama wapita njia. Akishasema, kibao kinatiwa motoni, kahawa inachemshwa, wote wanakunywa, na hakuna ruhusa ya kulitaja tena. Hakuna aliyeruhusiwa kumsemea mwenzake kosa. Na asiyejua kosa lake liko wapi hakupewa patasi mpaka alijue.

Kibao chako hakikumaliza hata saa moja msumarini. "Nimesoma tano nikashika tatu, nilikuwa nawaza chakula," ulisema, na Mzee Nassor akacheka mpaka akavua kofia. Sikukwambia siku ile kwamba mimi mwenyewe niliondoka Lamu nikiacha kibao chenye jina langu nyuma ya mlango. Nilichimba mgongo wa kiti kupita kiasi kwa kujionyesha kwa wenzangu jinsi ninavyokwenda haraka. Kusema "nilikuwa najionyesha" kulinishinda. Nilisema mti ulikuwa na ufa, babangu akautazama, na kibao kikabaki. Alikufa kikiwa bado pale. Kwa hiyo unayemsoma si mtu aliyeteleza mara moja.

Ukaanza kidato cha mwisho, na siku moja ukamwambia Mzee Nassor, si mimi, kwamba kuna vichwa vinavyobadilisha biti vyenyewe. Nilikuwa nimesimama hapohapo na spana mkononi. Alikuuliza maswali mawili matatu, akasema, "Haya, mwanangu, tafuta, tuone." Mkakipata kwa mtu wa Sharja aliyekuwa anafunga karakana yake. Miezi minne ukakihangaikia. Nilikuona ukirudi shule, ukitupa begi, ukilala chini ya meza na tochi mdomoni. Ndani ya kichwa kile mna fimbo ya chuma na springi nzito. Kila biti imekaa ndani ya koni yake, springi zinaivuta koni juu na kuishika, na hewa ya kompresa ikisukuma fimbo chini, koni inaachiwa. Ukapanga makucha sita kwenye rafu pembeni mwa meza, kila kucha na koni yake. Kichwa kinakwenda, kinaacha hii, kinachukua ile, kinaigusisha kwenye kitufe ulichokifunga pembeni ili ijulikane urefu wake, kinarudi kazini. Hakuna spana wala karatasi.

"Karatasi imepata likizo, Baba," uliniambia siku kilipofanya kazi mara ya kwanza. Ulikuwa unanitania kama tunavyotaniana siku zote. Nilicheka nawe. Kisha nikaenda msalani nikakaa huko kitambo.

Sasa nitakueleza sababu, na nitakupa kwanza ile ya uongo, kwa kuwa nimeitumia sana na huenda ukanitafutia hiyohiyo kwa huruma. Ya uongo ni viza. Nilijiambia kwamba mashine ikijibadilishia biti, arbab hana haja nami, khalas, viza inafutwa, na wewe na mama yako mnarudi nyumbani na masanduku. Hofu hiyo ina heshima, kila mtu wa Al Muraqqabat angeielewa. Lakini wiki ileile Mzee Nassor alinikalisha na kikombe cha chai akaniambia, "Shee, usitie shaka. Mashine ikijiendesha, wewe utarudi kwenye patasi zako. Umalizie kwa mkono pale mashine isipofika." Kwa maneno mengine ulikuwa umenirudishia kazi yangu. Nilimwambia ahsante, nikajua kwamba hofu imekwisha, na bado kitu kilibaki kinaniuma.

Kitu hicho kilikuwa wivu. Nilikuonea wivu wewe, mwanangu. Nimelizunguka neno hilo miezi minane nikilitafutia jina jingine, halipo. Mimi ni fundi mtoto wa fundi, na aliyeulizwa "tufanyeje?" mle karakanani alikuwa binti yangu, na mimi nikaambiwa nisaidie kushika waya.

Siku yenyewe, Mzee Nassor alimleta yule mgeni aliyetaka milango ya kabati ya majlis, sebule yake ya wageni. Ulikuwa umeufunga ubao wa msaji mezani tangu asubuhi. Wiki nzima kichwa kilikuwa kimebadilisha biti bila kukosea hata mara moja, na ulikuwa umevaa ule mtandio wa kijani unaovaa siku za mtihani. Mzee Nassor akamshika mgeni bega, akamwonyesha wewe. "Fundi wetu ndiye huyu," alimwambia. Kisha akanikumbuka. "Na huyu Shee, babake."

Maneno yenyewe hayakuwa na ubaya, na baba mwingine angeyatembeza simu kwa simu mpaka Lamu. Mimi nilijisogeza nyuma ya kiambaza, kwenye kompresa, nikajifanya nakagua. Kuna kile kifundo cheusi cha kupunguzia hewa. Geji ya hewa ilikuwa sita. Nilikizungusha kushoto nusu duara, mshale ukashuka mpaka karibu na nne. Nilijua maana yake kwa sababu ulinieleza mwenyewe, kwa subira, mara mbili: hewa ikipungua, fimbo haishuki yote, koni haiachiwi, na kichwa hakijui kwamba bado kimeishika. Nilitaka kikwame tu. Nilitaka mashine isimame mbele ya mgeni, mtu aseme, "Shee, hebu tazama," nami nije na spana zangu.

Haikukwama tu, uliona. Biti ya kwanza ilimaliza, kichwa kikaenda kwenye rafu, kikashuka, hewa ikalia, na kilipoondoka kikaondoka na koni, na kucha, na rafu nzima, kikarudi navyo juu ya msaji. Sauti ile bado naisikia. Ulikibonyeza kitufe chekundu haraka kuliko ambavyo ningeweza mimi, lakini ubao ulikuwa umeshachanwa kutoka pembe hadi katikati. Mgeni alikuwa mtu wa adabu, alisema inshallah siku nyingine, akaaga. Mzee Nassor alikwambia, "Pole mwanangu, ndiyo kujifunza." Wewe ulikimbilia kompyuta. Mimi nilikwenda kuzima kompresa, na kabla ya kuizima nikakirudisha kifundo mahali pake. Mshale ukapanda mpaka sita ukasimama pale kana kwamba haukuwahi kutoka.

Hayo yote, Maimuna, ningeweza kuyaita ya shetani. Yalikuwa ya dakika chache. Lililo langu peke yangu ni la siku ya pili. Tulikuwa tumekaa, nina chai, nina mahamri ya mama yako, nimetulia. Ukaja na daftari lako ukaniuliza, "Baba, jana hewa ilikuwa ngapi?"

"Sita," nilisema. "Kama kawaida."

Ukaandika sita. Nilikuona ukiiandika na kuipigia mstari. Ukaniamini, ukaenda kutafuta kosa kila mahali isipokuwa mahali lilipokuwa. Wiki tatu ulikifungua kichwa kile na kukifunga. Ulipima springi, ulipangusa koni kwa kitambaa cha miwani, ulisoma mistari ya programu kwa sauti. Ulipungua mwili. Mama yako akaniambia, "Baba Maimuna, zungumza na mtoto," nami nikasema mwache, anajifunza.

Halafu ukakata kipande cha ule msaji chenye mchano, ukaandika jina lako mgongoni, ukakitundika. Kikakaa siku kumi, ukaniambia maneno haya, nayakumbuka neno kwa neno. "Baba, sijui kosa liko wapi. Wewe si ndiye uliyenifundisha, asiyejua kosa lake asipewe patasi? Yalla, turudishe kichwa cha zamani." Hukulia. Tulikirudisha pamoja, na kile kipya ukakipaka mafuta, ukakifunga kwa shuka kuukuu, ukakisukuma chini ya meza. Baadaye ndipo ukaandika ile barua pepe.

Nikapata nilichokitaka. Ukarudi kwenye kigoda cha bluu na karatasi yako. "Imeshika, Baba," ukasema, na sauti haikuwa ile. Mwezi wa kwanza nilijaribu kufurahi, wa pili nikawa siwezi kukutazama ukiipitisha karatasi, nikakuambia uje siku za mtihani zikiisha, na ulipokuja nikakuambia kazi ni chache. Ukadhani ninakasirika kwa sababu ya msaji. Hata hilo nilikuacha ulidhani. Kila asubuhi nikifunga mlango ule kibao kiligonga ukuta, na jina lililokuwa mgongoni mwake lilikuwa lako.

Nimejaribu kukwambia kwa mdomo. Nilijaribu siku ulipoleta cheti chako cha shule, nikaishia kukwambia una viatu vibovu. Nilijaribu tena tukiwa njiani kwenda kununua begi. Mara ya tatu nilikuwa nimeshafungua mdomo, ukaniuliza, "Baba, unaumwa?" nikasema meno. Ulinitafutia karafuu. Nilikaa na karafuu mdomoni kutwa nzima, na wallahi sikuwahi kuona haya kiasi kile, mtu mzima anayetafuna dawa ya ugonjwa aliousingizia mbele ya mwanawe.

Wiki mbili zilizopita nikamwambia Mzee Nassor. Alikuwa anahesabu bawaba, akaacha.

"Yeye anajua?" akauliza.

"Bado, arbab."

"Basi umeniambia mimi kwa sababu mimi rahisi." Akarudi kwenye bawaba zake. "Sikufukuzi, Shee. Lakini yule mtoto asipande ndege na uongo wako begini."

Tangu siku hiyo salamu yangu anaiitikia kwa sababu ni wajibu, basi. Chai anakunywa peke yake. Simlaumu.

Nikakivuta kichwa kipya chini ya meza, nikafungua shuka, na nikalifungua daftari lako. Nataka ulijue hili, kwa kuwa ni jambo pekee katika barua hii linalonipa raha. Mimi ni mtu wa spana mbili na patasi, kompyuta naijua kwa kuiombea dua. Lakini ulivyoandika, kila waya na rangi yake, kila skrubu na mahali pake, nilikifunga kichwa kile peke yangu kwa siku nne baada ya kazi. Nikatengeneza rafu mpya kwa mti wa mkangazi na makucha yale ya akiba uliyoyaacha kwenye kopo la maziwa. Nikaweka hewa sita, nikawasha. Kilibadilisha biti zote sita. Nikakirudisha mwanzo, kikabadilisha tena. Hakuna kitu nilichokirekebisha katika kazi yako, sikukuta cha kurekebisha.

Nilikuta pengo moja tu. Kwenye mchoro wa nyaya uliacha nafasi ya kifaa cha kuchungulia hewa, kile kinachoizuia mashine isisogee ikiwa hewa imepungua. Nafasi ipo, skrubu zipo, kifaa hakipo. Pembeni mwake umeandika kwa kalamu ya risasi, maandishi madogo: "Si lazima. Baba yuko hapo."

Nilikaa chini sakafuni, Maimuna, na hilo daftari magotini, mpaka taa ya karakana ikajizima yenyewe.

Sina mawaidha ya kukupa. Nani atayapokea kutoka kwangu? Nina mambo mawili matatu niliyoyalipia, uyatazame ukipenda. Ukiharibikiwa na kazi, kabla hujajihukumu, tazama pia nani alikuwa amesimama nyuma yako. Nalisema hilo kwa uchungu kwa sababu sitaki uwe mtu wa kushuku watu. Lakini nilikufundisha kujilaumu bila kukufundisha kuuliza, na desturi ya babu yako ilijengwa kwa karakana ambayo mabwana zake walikuwa waaminifu. Na ukija kuwa mkubwa wa mtu mahali popote, jikoni hotelini au penginepo, siku utakayoona mdogo wako anasifiwa na kitu kikakuuma, toka nje. Nenda kanywe maji. Usikae karibu na kifundo chochote.

Nilipiga simu chuoni kwako. Mama wa ofisi ya usajili amesema wiki mbili za kwanza mwanafunzi anaweza kuomba kurudi kwenye kozi aliyopewa mwanzo ikiwa nafasi haijachukuliwa, na jana ilikuwa haijachukuliwa. Sikwambii urudi. Huenda umeipenda hoteli kwa kweli, nilikuona ukisoma kile kitabu chake na kucheka. Huenda mashine zimekutoka moyoni na mimi ndiye niliyezitoa, na hilo halirudi kwa simu. Nataka tu ukisimama kwenye ile foleni uwe unajua. Ulichagua ukiwa na namba ya uongo, na niliyekupa ni mimi.

Mama yako hajui. Nitamwambia kesho tukirudi kutoka uwanja wa ndege, na nina hakika nitafika nyumbani kwa miguu. Msamaha sikuombi katika barua hii, kwa kuwa mtu akiombwa msamaha ndani ya ndege hana pa kutokea. Ukitaka kunipigia simu unitukane, piga. Ukitaka kunyamaza mwaka, nyamaza, ila mama yako usimnyamazie.

Sasa fungua gazeti.

Hicho ni kile kibao. Nilikitoa msumarini Jumanne, nikakilaza mezani na mgongo wake juu, nikaiacha mashine yako ifanye kazi yenyewe. Biti ya kwanza ililiondoa jina lako mpaka mti ukabaki mweupe. Ya pili ikachora ukingo wa nakshi pembeni. Ya tatu ikaandika unachokisoma: "Shee. Nilipunguza hewa, nikasema sita." Mzee Nassor alikuwa amesimama mlangoni, nikamsomea kwa sauti, kama desturi inavyotaka. Alivuta kiti akakaa kutazama mashine ikilainisha kingo mpaka ikamaliza. Kosa limeshasemwa, kwa hiyo kibao ni halali ya moto, lakini mwenye haki ya kukichoma ni wewe. Nyanya yako ana jiko la makaa na kahawa anaijua. Au usikichome, ukiweke, ni juu yako.

Kuna jambo la mwisho. Mashine ilipochukua ile biti ya tatu na kuipima urefu kwenye kitufe chako, nilijikuta nina risiti mkononi. Mazoea. Nikashusha kichwa mpaka pale mashine inaposema ni sifuri, yaani biti imegusa mti, nikaipitisha karatasi chini ya biti, mbele na nyuma, kama ulivyokuwa ukifanya.

Imeshika, mamangu. Muda wote huu ilikuwa inashika.

Babako,
Shee